Kila Senti Ionekane kwenye Skrini: Kuchagua Vifaa vya Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Finyu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na waandaaji nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Naona vijana wengi, naona pia wazazi kadhaa walioandamana na watoto wao. Wazazi, nina neno lenu maalumu nitakapofika kwenye pawasaplai, kile kifaa kinachogawia vifaa vyote umeme, kwa hiyo msinichoke mapema.

Hapa mezani nimetandika kitambaa, na juu yake kuna vipande vya kompyuta moja ambayo bado haijaunganishwa. Hakuna kipande hapa cha kifahari. Mwisho wa mazungumzo tutaviunganisha pamoja, lakini kwanza nataka tuelewane kwa nini vimechaguliwa hivi na si vingine.

Kila wiki kuna mtu ananisimamisha na swali lile lile: "Kaka, nina hela kidogo, ninunue prosesa gani?" Nami humrudishia swali: "Unacheza gemu gani, na skrini yako ikoje?" Wengi hushangaa. Wamekuja kuuliza habari za prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, mimi nawauliza habari za skrini. Lakini hapo ndipo hesabu yote inapoanzia. Mwenye fedha nyingi akikosea kifaa kimoja, kesho atanunua kingine. Mwenye kudunduliza miezi kumi hana kesho hiyo. Kwa hiyo kila senti anayoitoa lazima ahojiane nayo: je, nitaiona kwenye skrini? Ikiwa haionekani, irudi mfukoni ikasubiri kifaa kitakachoonekana. Kuna kifaa kimoja tu ninachokisamehe swali hili, na nitakitaja kwa kirefu.

Tuanze na skrini basi. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yaani vidoti vinavyounda picha. Ile ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400. Ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kadi ya michoro inapaswa kuzipaka rangi pikseli hizo zote, upya, kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayotokea. Ukinunua skrini ya 4K kwa sababu ulikuta imeshuka bei, umeibebesha kadi yako mzigo mara nne, na kadi ya bei ndogo itapiga magoti. Kwa bajeti finyu, bakini kwenye 1080. Picha yake ni safi kabisa kwenye skrini ya inchi 24, na kila fedha iliyookolewa inakwenda pale inapohitajika.

Halafu kuna hezi. Skrini ya hezi 60 inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha inakaa takriban milisekunde 16.7. Ya hezi 144 inakaa milisekunde 6.9. Ukiwa mchezaji wa gemu za kulenga shabaha na kushindana, kama Counter-Strike 2 au Valorant, tofauti hiyo utaihisi mkononi kabla hujaiona. Ukiwa mtu wa hadithi ndefu na mandhari, hezi 60 zilizotulia zinakutosha. Lakini sikilizeni hili: ukiwa na skrini ya hezi 60 na kompyuta inatoa fremu 200, macho yako hayapati picha 200. Kuna faida kidogo ya wepesi wa kuitikia kipanya, basi. Fedha nyingi umezimwaga mahali ambapo macho hayafiki.

Sasa kadi ya michoro. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fedha inapostahili kulala. Katika kompyuta ya gemu ya bajeti ndogo, mimi huitengea kadi sehemu kubwa kuliko kifaa kingine chochote, mara nyingi karibu theluthi moja ya fedha yote au zaidi kidogo. Nikiona orodha ya mtu ambamo prosesa ni ghali kuliko kadi, najua kuna mahali ameshauriwa vibaya.

Kitu cha kwanza kuangalia ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, ile VRAM. Gemu mpya zinajaza pale picha za kuta, nguo, majani, nyuso. Ikijaa, kadi inaanza kukopa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kupitia mazabodi, ule ubao unaounganisha vifaa vyote, na njia hiyo ni nyembamba mno. Hapo ndipo unaona fremu zinakwenda vizuri, ghafla zinakwama, zinaendelea, zinakwama tena. Leo GB 8 ndicho kiwango cha chini ninachoweza kumshauri mtu anayetaka gemu mpya kwenye skrini ya 1080. GB 12 zinampa nafasi ya kupumua. GB 4 ni za gemu za zamani na zile nyepesi za mashindano, na mtu azinunue akijua hivyo.

Kitu cha pili ni majina, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana watu wanaumia. Watengenezaji wana tabia ya kuuza vitu viwili tofauti kwa jina moja. GTX 1060 ya NVIDIA ilitoka 2016 kwa namna mbili, ya GB 6 na ya GB 3. Mtu akasema, tofauti ni kumbukumbu tu. Hapana, hata chipu yenyewe ilipunguzwa: ya GB 6 ilikuwa na viini, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa, 1,280, ya GB 3 vilikuwa 1,152. RTX 3060 ya 2021 ni kadi nzuri yenye GB 12, lakini mwishoni mwa 2022 ikatoka nyingine yenye jina hilo hilo, ina GB 8, na njia yake ya kumbukumbu imebanwa kutoka biti 192 hadi 128. RX 580 ya AMD nayo ina ndugu yake anayeandikwa 2048SP, yaani viini 2,048. Ya kweli ina viini 2,304. Na RX 9060 XT ya 2025 inauzwa ya GB 8 na ya GB 16, boksi la nje karibu lile lile. Kwa hiyo usiseme "nataka 3060". Sema "nataka 3060 ya GB 12", kisha geuza boksi usome mwenyewe.

RX 6500 XT ya Januari 2022 ina mtego wake peke yake. Inazungumza na mazabodi kupitia njia nne tu za PCIe, wakati kadi nyingi zina nane au kumi na sita. Kwenye mazabodi mpya ya PCIe 4.0 inajikongoja. Ukiichomeka kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0, zile njia nne zinapungua kasi nusu, na kwa kuwa ina GB 4 tu za kumbukumbu, inalazimika kuitumia hiyo njia nyembamba kila mara. Sasa fikirini: anayenunua kadi ya bei ya chini ni nani? Ni yule mwenye mazabodi ya zamani. Kadi imemwendea mtu ambaye itamfaa kidogo kuliko wote. Jambo hilo huniuma.

Kwa hiyo ninunue ipi? Nikitazama kadi ambazo nimezishika na kuziamini kwa skrini ya 1080, RX 6600 ya 2021 bado inanipendeza: GB 8, inakula wati 132, inaingia kwenye makasha mengi, haihitaji pawasaplai kubwa. RTX 3060 ya GB 12 ni mlinzi mzuri wa siku zijazo ukiipata kwa bei ya haki. Intel Arc B580, iliyotoka Desemba 2024, inakupa GB 12 na nguvu ya kuridhisha, ila ina masharti mawili. Mazabodi lazima iwe na kipengele kinachoitwa Resizable BAR na kiwashwe kwenye BIOS, ile programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi. Na prosesa isiwe kikongwe, kwa sababu draiva zake, programu zinazoiongoza kadi, zinaichosha prosesa kuliko za wenzake. Ukiwa na prosesa ya miaka mingi iliyopita, iache.

Kuna suala la kadi zilizotumika. Mimi siogopi mtumba. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mtindo wa kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi nyingi mno zilizokuwa zikikesha kwenye mashamba ya uchimbaji zikamwagika sokoni. Watu wanauliza, je, zimechoka? Chipu yenyewe mara nyingi ni nzima. Kinachochoka ni feni, na pedi zinazopitisha joto kwenye chipu za kumbukumbu. Feni inabadilishwa, pedi zinabadilishwa. Kinachonitisha mimi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia: kadi dhaifu iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina kubwa. Kwa hiyo usilipe kabla hujaiona inawaka. Washa GPU-Z, programu inayosoma maelezo ya kadi, linganisha idadi ya viini, aina ya kumbukumbu na upana wa njia na takwimu rasmi za kadi hiyo. Kisha endesha gemu nzito au FurMark, programu ya kuilemea kadi, kwa robo saa, ukiangalia joto, ukisikiliza feni, ukitazama kama skrini inatoa vidoa vya rangi. Muuzaji akisema hana muda wa robo saa, na wewe huna fedha ya kumpa.

Lakini mtumba una ukomo wake, na ukomo huo umekaribia kuliko watu wanavyodhani. Doom: The Dark Ages ilipotoka Mei 2025 ilidai kadi yenye uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga ndani ya chipu. Bila hiyo, gemu haifunguki kabisa, hata ukishusha kila kitu chini. Ina maana GTX 1060, GTX 1660, RX 580, hata RX 5700 iliyokuwa na nguvu zake, zote zimefungiwa mlango. Na mwaka huo huo NVIDIA ilitangaza kwamba familia ya GTX 900 na GTX 10 zinafikia mwisho wa kuletewa draiva za gemu mpya. Kama unacheza gemu za mashindano na za zamani, RX 580 bado ni rafiki. Kama ndoto yako ni gemu za mwaka huu na ujao, anzia RTX 20 au RX 6000 kwenda juu.

Nimesema mengi kuhusu kadi. Prosesa itanichukua muda mfupi, na hiyo yenyewe ni somo.

Viini sita na nyuzi kumi na mbili, yaani mikondo kumi na miwili ya kazi kwa wakati mmoja, vinatosha. Ryzen 5 5600 ya AMD, ya 2022, au Core i5-12400F ya Intel, zinabeba kadi yoyote ya bajeti bila jasho. Ukibanwa zaidi, Core i3-12100F ina viini vinne na nyuzi nane, na kwa gemu inajitahidi sana. Ile herufi F mwishoni ina maana prosesa haina michoro ya ndani, kwa hiyo bila kadi hutaona hata picha ya kuwashia. Ryzen 5600 nayo hivyo hivyo ingawa haina herufi. Nawaambia kwa sababu nimeona mtu amehangaika siku mbili akidhani mazabodi imekufa, kumbe amechomeka waya wa skrini kwenye tundu la mazabodi badala ya tundu la kadi.

Uzuri wa soketi ya AM4, tundu la mazabodi linalopokea prosesa hizo za Ryzen, ni kwamba imedumu. Mazabodi nyingi zilizotoka na Ryzen za kwanza za 2017 zinaweza kupokea Ryzen 5000 baada ya kusasisha BIOS. Kama tayari una Ryzen ya zamani nyumbani, usibomoe nyumba. Sasisha BIOS, badilisha prosesa peke yake, endelea na maisha.

Mtajuaje kama tatizo lenu ni kadi au prosesa? Washeni kipimo cha matumizi juu ya skrini mkiwa ndani ya gemu. Kadi ikionyesha asilimia 97 au 99, inafanya kazi yote inayoweza, prosesa inaisubiri. Hiyo ndiyo hali tunayoitaka. Kadi ikikaa asilimia 60 na fremu ni chache, basi kadi ndiyo inayosubiri, na ukinunua kadi kubwa zaidi umenunua msubiriji wa bei ghali.

Sasa niwaeleze ya mpwa wangu, maana inahusu RAM. Kijana huyu alidunduliza karibu mwaka mzima. Akanunua kila kitu kwa hesabu nzuri, akaunganisha mwenyewe, nami nilijivunia. Wiki ya pili akanipigia simu, sauti imenyong'onyea.

"Mjomba, nadhani kadi niliyouziwa ni mbovu."

"Umeipima?"

"Nimeipima, joto liko sawa. Lakini nikigeuka ghafla kwenye gemu, picha inashtuka. Inakatakata."

"Usimrudishie mtu kadi bado. Nakuja."

Nilipofika tulizima, tukatoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wa kasha. Kadi ilikuwa imekaa vizuri. Nikamulika tochi ya simu juu yake. Mazabodi ilikuwa na mifuo minne ya RAM, na vijiti vyake viwili vya GB 8 alivichomeka kwenye mfuo wa kwanza na wa pili, vimebanana kama watoto kwenye kiti kimoja, mifuo miwili mingine mitupu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilianza karibu na prosesa nikafuata mstari." Jibu la busara kabisa, ila mazabodi haifikirii hivyo. Mifuo ile miwili ya kwanza ni ya njia moja. Vijiti vyote viwili vilikuwa vinapita mlango mmoja, na mlango wa pili haukuwa na mtu.

Kijiti cha RAM ya aina ya DDR4, cha kasi ya 3200, kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde kwenye njia moja. Njia mbili zinapitisha GB 51.2. Tukavihamisha kwenda mfuo wa pili na wa nne, tukasikia ule mlio mdogo wa klipu zikijifunga. Tukawasha, tukaingia BIOS, na huko tukakuta jambo la pili: RAM aliyonunua ya 3200 ilikuwa inakwenda 2133. Hakuibiwa. RAM huwaka kwa kasi ya usalama mpaka mwenyewe uwashe wasifu wake, unaoitwa XMP kwenye Intel na mara nyingi EXPO kwenye AMD za DDR5. Tukauwasha. Gemu ile ile, kadi ile ile, na ule mshtuko ukaisha. Hakutoa hata senti. Alikuwa amekaa wiki mbili na nguvu aliyokwisha kuilipia, imelala ndani ya kasha.

Basi: GB 16, vijiti viwili vya GB 8, mfuo wa pili na wa nne, XMP imewashwa. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vikali kwa sababu viwanda vilielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo hapa panahitaji uvumilivu na macho. Vijiti viwili vya DDR4 vilivyotumika, vilivyopimwa kwa MemTest86, havina aibu yoyote. RAM ni miongoni mwa vifaa vinavyozeeka polepole kuliko vyote.

SSD, hifadhi ya chipu isiyozunguka, nitapita haraka. Mfumo na gemu ziwe kwenye SSD, hadidiski ibaki na picha na video. SSD ya SATA inasoma takriban MB 550 kwa sekunde, ya NVMe ya PCIe 3.0 inafika karibu 3,500. Namba hizo zinatisha, lakini kwenye muda wa kufungua gemu tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Tofauti kubwa, ya kukufanya ucheke kwa furaha, ni kutoka hadidiski kwenda SSD yoyote. Zikiwa bei moja, chukua NVMe.

Sasa wazazi wangu, neno lenu.

Pawasaplai haionekani kwenye skrini. Haiongezi fremu hata moja. Ndiyo maana kila mtu akibanwa anakata huko, na ndiyo maana hiki ndicho kifaa ninachokisamehe lile swali langu. Miaka ya nyuma nilinunua kasha lililokuja na pawasaplai ndani yake. Ubavuni iliandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi kama boksi tupu, na hilo lingetosha kunionya. Usiku mmoja, katikati ya gemu, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, kisha harufu ile ya plastiki iliyoungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Pawasaplai ilikufa. Iliondoka na mazabodi, na SSD yenye picha za familia za miaka minne.

Kesho yake nikasoma kibandiko chake, ambacho nilipaswa kukisoma dukani. Kwenye mstari wa volti 12 iliandikwa ampea 18. Zidisheni: 12 kwa 18 ni wati 216. Kadi na prosesa karibu nguvu zao zote zinatoka kwenye mstari huo. Zile wati 500 zilikuwa wino tu. Tangu siku hiyo sisomi namba kubwa ya ubavuni, nasoma mstari wa volti 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 itakuonyesha karibu wati zote hizo kwenye volti 12.

Alama ya 80 PLUS inasaidia, lakini ielewe. Inapima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haikuambii pawasaplai italinda vifaa vyako umeme ukiruka. Tafuta ile yenye ulinzi ulioandikwa wazi, waranti ya miaka mingi, na iliyofunguliwa na kupimwa na watu wanaojua kupima. Kwa kadi kama RX 6600, wati 450 au 500 za kweli zinatosha; hakuna haja ya 850. Na kuna mambo matatu ya hatari hapa. Zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikiwa umeme wenu ni wa 230 na swichi iko 115, ukiiwasha inalipuka papo hapo. Usitumie waya za pawasaplai moja kwenye pawasaplai nyingine hata kama zinaingia, kwa sababu upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Na usiifungue kamwe, hata ukiwa umeitoa kwenye umeme, kwa sababu ndani kuna kapasita zinazotunza chaji ya kuua mtu.

Mzazi, mtoto akikuomba umwongezee kidogo kwenye bajeti yake, mwongezee hapa.

Mazabodi: iwe na mifuo ya RAM unayohitaji, tundu la NVMe, na soketi sahihi. Basi. Kuwa makini na soketi ya LGA1700 ya Intel, maana kuna mazabodi zake za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Kasha: lipitishe hewa mbele, liwe na feni mbili. Kasha lenye kioo mbele na taa za upinde wa mvua linapendeza kwenye picha, lakini kioo hakipitishi hewa, na kadi inayopata joto inapunguza kasi yake yenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taa ni kujitembeza.

Kuna njia nyingine ya wale wenye fedha kidogo mno, nami naiheshimu sana. Kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex, zinauzwa kwa bei ndogo zikiwa na prosesa, RAM na leseni ya Windows. Ukichomeka kadi, umepata kompyuta ya gemu. Ila pima kwanza. Kasha jembamba linapokea kadi fupi za nusu kimo tu. Pawasaplai zake mara nyingi hazina waya wa ziada wa kadi, na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo hubadilishi kirahisi. Mfuo wa mazabodi peke yake kwa kawaida unatoa wati 75, basi utafute kadi isiyohitaji waya, mfano GTX 1650 nyingi. Tena chagua yenye Core ya kizazi cha nane au zaidi. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kipengele cha usalama, na prosesa ya kizazi hicho. Valorant kwenye Windows 11 haikubali kufunguka bila TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha. Mtu ananunua ya kizazi cha nne kwa furaha, kisha gemu aliyoitaka inamkatalia mlangoni.

Na kwa asiye na fedha ya kadi leo: anza na prosesa yenye michoro ya ndani, kama Ryzen 5 5600G au 8600G. Cheza gemu nyepesi sasa, kadi ije mwakani. Hapo RAM ya vijiti viwili ni lazima, kwa sababu michoro ya ndani haina kumbukumbu yake, inakula RAM ile ile. Yale niliyowasimulia ya mpwa wangu, hapa yanauma maradufu.

Kabla hatujaanza kuunganisha, fremu za bure. FSR ya AMD, iliyotoka 2021, kwenye matoleo yake ya mwanzo inafanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine: gemu inachorwa kwa pikseli chache kisha inakuzwa. DLSS, mbinu kama hiyo ya NVIDIA, ni ya kadi za RTX peke yake. Kwenye 1080 tumia kiwango cha ubora wa juu, ukishuka zaidi picha inakuwa na ukungu. Na kwenye mipangilio, shusha vivuli na ukungu wa mbali kabla ya kugusa picha za kuta na nyuso. Vivuli vinakula fremu nyingi, na ukiwa unakimbia huvitazami.

Haya. Vifaa ni hivi hapa. Nani hajawahi kushika prosesa kwa mkono wake? Wewe binti wa safu ya pili, njoo. Usiogope. Kwanza gusa chuma cha kasha, hapo, umwage chaji ya mwili. Vizuri. Ishike kwa kingo, usiguse chini. Kuna pini 1,331, na moja ikipinda siku yetu imeharibika. Unaona pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona? Sasa tafuta pembetatu ya pili kwenye soketi. Umeiona. Inua wenzo mpaka juu. Ilinganishe, iweke, uiachie. Usiisukume. Itashuka yenyewe kwa uzito wake.

Imeshuka. Rudisha wenzo.